Kashe ya expert-comptable: nani ana haki ya kuipiga?



Karibu kila mwaka, msimu wa kahawa ukikaribia, koperative za Kalehe, Idjwi na Kabare zinaanza kutafuta makuta ya kununulia kahawa kwa memba. Benki au mnunuzi wa ng'ambo anaomba hesabu za mwaka uliopita, zenye sahihi na kashe ya mtu anayetambulika. Hapo ndipo anatokea bwana mwenye mkoba, anasema yeye ni expert-comptable, anataka alipwe mbele. Pengine ni mkweli. Pengine ni mhasibu mzuri tu, lakini kashe ile hana haki nayo, na benki ikichunguza inarudisha dosye. Makuta imekwisha kwenda, kahawa imeiva, na mama memba anamuuzia mchuuzi wa njiani kwa bei ya chini.

Tuanze na majina, juu watu wanayachanganya. Kesie anashika feza. Mhasibu, yule tunamwita comptable, anaandika kilichoingia na kilichotoka, na anapanga hesabu za mwaka. Expert-comptable ni mtu wa daraja lingine: anasimama nje ya koperative, anachunguza hesabu, na sahihi yake inaaminiwa na watu ambao hawajawahi kufika kijijini kwenu.

Kwetu Congo jina hilo linalindwa. Sheria namba 15/002 ya tarehe 12 Februari 2015 iliunda Ordre National des Experts-Comptables, kwa kifupi ONEC. Mtu ambaye hayuko katika orodha yake, ile wanaita tableau, hana haki ya kujiita expert-comptable, hata akiwa na shahada mbili na miaka ishirini ya kazi.

Njia ya kuingia ni ndefu, na wazazi wenye mtoto anayesoma commerciale et gestion wanapaswa kuijua mapema. Diplôme d'État haitoshi. Baada yake mtoto anasoma chuo kikuu, na hapa Bukavu vyuo vya uchumi na usimamizi haviko haba. Lakini shahada nayo ni mlango tu. Kuna masomo ya juu ya uhasibu wenyewe, kuna mitihani ya kazi, na kuna staji ya miaka tatu chini ya expert-comptable aliyekwisha kuandikwa. Kwa maoni yetu staji ndiyo inayokwamisha vijana wa Kivu kuliko mitihani, kwa sababu ofisi nyingi kubwa za kazi hii ziko Kinshasa, na kuishi Kinshasa miaka tatu si mchezo. Halafu anayeomba asiwe na hukumu ya wizi au ya kughushi. Akishaingia, analipa mchango wa kila mwaka, na akiharibu kazi anaweza kufutwa.

Wengine wanavuka Ruzizi kwenda kusomea CPA ya Rwanda, ambako chama cha wahasibu, iCPAR, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Ni masomo mazuri. Lakini cheti kile peke yake hakikupatii haki ya kupiga kashe huku. Tena sisi tunafuata kanuni za uhasibu za OHADA, ambamo Congo iliingia tarehe 12 Septemba 2012, na Rwanda haimo.

Sasa, koperative yenu inamhitaji kweli? Si lazima kila siku. Sheria ya OHADA ya koperative, ya tarehe 15 Desemba 2010, inatambua aina mbili. Ile rahisi, SCOOPS, inaanza na watu watano, na inachunguzwa na memba wenyewe kupitia kamati ya uangalizi. Ile yenye baraza la usimamizi, COOP-CA, inaanza na watu kumi na tano. Ikipita memba 1000, na mauzo na mali zake vikapita viwango vya sheria, ni lazima iwe na commissaire aux comptes, na huyo anatoka kwenye orodha ya ONEC. Hawezi kuwa memba wa baraza wala ndugu yake. Na aliyewaandikia vitabu asiwe ndiye anayevithibitisha. Hilo tunaliona mara nyingi, na wafadhili wanalikataa.

Koperative ndogo yenye mhasibu mwaminifu, daftari la kesi linaloandikwa kila siku na faktire zilizopangwa kwa tarehe, ina kitu cha maana kuliko kashe. Expert-comptable hawezi kuthibitisha mauzo yasiyo na karatasi. Akikubali kufanya hivyo, mumwogope.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, ombeni jina lake kamili na namba yake ya ONEC, kisha mthibitishe kwa Ordre wenyewe, si kwa karatasi aliyokuja nayo. Andikeni mkataba: kazi gani, mwaka gani wa hesabu, bei gani, ripoti itatoka lini. Sehemu ya malipo ibaki mpaka ripoti imesomwa mbele ya mkutano mkuu, kwa lugha ambayo memba wote wanasikia. Kama hataki kuandikiana, mwacheni aende na mkoba wake.