Mushahara wa katikati

Ndugu wafanyakazi, kwenye mazungumzo ya mishahara wakubwa walituambia: "Wastani wenu ni dola 600." Sisi madelege wa sendika tulinyamaza, hatukuwa na la kujibu.

Mufano: wachimbaji 4 wanapata 200 kila mumoja, shefu wao 2.200. Jumla 3.000, gawa kwa 5: 600! Lakini panga mishahara toka ule mudogo mpaka ule mukubwa: wa katikati ni 200 tu.

Njo maana tunajifunza R, programu ya takwimu iliyoanzishwa Nyuzilandi na Ross Ihaka na Robert Gentleman. Haiuzwi. Unaingiza orodha ya mishahara, unaandika neno "median", inakutolea ule wa katikati, hata mukiwa 2.000.

Wakileta tena wastani, tuwaulize: mutu wa katikati anapata ngapi?