Kopo la Mvua Katika Uwanja wa Shule

Mwalimu anayefundisha habari za mvua kwa kitabu peke yake huwaambia watoto kwamba Lodwar hupata milimita 200 hivi kwa mwaka, na Kericho zaidi ya 1,500. Watoto huyakariri hayo, huyajibu katika mtihani, kisha huyasahau. Walakini wakiulizwa mvua iliyonyesha shambani kwa baba yao juma lililopita ilikuwa kiasi gani, hunyamaza. Hata baba mwenyewe hajui, ingawa ndiye aliyetia mbegu ardhini. Kwa sababu hiyo wako walimu, katika Kenya na katika nchi nyingine, wanaofundisha sayansi kwa hesabu ambazo watoto huzikusanya wenyewe mahali wanapokaa.

Chombo chenyewe si cha ghali. Kopo lenye kuta zilizonyoka na rula vyatosha. Kopo hufungwa kwenye kigingi mahali pa wazi, mbali na miti na paa za nyumba. Kila siku saa tatu asubuhi mtoto wa zamu hupima kina cha maji, huandika katika daftari, kisha huyamwaga.

Watoto wengi hudhani kwamba kopo kubwa litaonyesha mvua nyingi kuliko kopo dogo. Mwalimu mwenye busara hawajibu. Huweka makopo mawili, jembamba na pana, akangoja mvua. Asubuhi kina ni kile kile, maana kopo pana hupokea maji mengi zaidi lakini pia huyatandaza. Kutoka hapo hesabu huja kwa urahisi: milimita moja ya mvua ni lita moja katika kila mita ya mraba. Paa la mabati lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5 likipata milimita 25, huteremsha karibu lita 1,000. Mzazi anayefikiri kununua tangi ataisikiliza hesabu hiyo kuliko habari za Lodwar.

Jambo gumu katika kazi hii ni sifuri. Siku isiyokuwa na mvua, mtoto huandika sifuri. Siku ambayo hapana mtu aliyepima, nafasi huachwa wazi. Mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo, maana la kwanza ni habari na la pili ni ukosefu wa habari. Mtoto aliyesahau hushawishika kubuni namba ili asiadhibiwe, na mwalimu mkali kupita kiasi hujipatia daftari safi lililojaa uongo. Kadhalika, ikiwa kopo lilipimwa Ijumaa na halikuguswa tena mpaka Jumatatu, maji yaliyomo ni ya siku tatu. Yaandikwe hivyo hivyo, wala yasigawanywe kwa tatu, kwani huenda yote yalinyesha usiku mmoja.

Tena shule hufungwa kwa likizo wakati mbaya. Katika nchi ya Ukambani miezi yenye mvua nyingi ni Aprili na Novemba, na katika miezi hiyo watoto huwa nyumbani kwa siku nyingi. Hapana budi mlinzi wa shule, au mtoto akaaye karibu, akabidhiwe daftari. Pasipo hivyo kazi ya mwaka mzima hukosa mvua yenyewe.

Daftari lililotunzwa kwa miaka kadhaa huanza kusema na wakulima. Machakos na Kitui watu huita mvua za Machi mpaka Mei mvua ndefu, na za Oktoba mpaka Desemba mvua fupi. Lakini huko hizo fupi ndizo za kutegemewa zaidi. Pia iko mvua ya kwanza inayodanganya. Mkulima hupanda, mbegu huota, kisha jua huwaka siku kumi au kumi na tano na miche hufa. Kipimo kimoja kitumiwacho na wataalamu ni kungoja mpaka zinyeshe milimita 20 katika siku mbili au tatu. Watoto waweza kukijaribu kipimo hicho juu ya daftari lao: ni mara ngapi mkulima aliyepanda siku ile angaliokoka, na ni mara ngapi angalipoteza mbegu?

Kazi ya namna hii imewafaa hata wenye mitambo mikubwa. Mpango uitwao TAHMO, ulioanzishwa na wataalamu wa vyuo vikuu vya Uholanzi na Marekani, umeweka vituo vya hali ya hewa katika shule nyingi za Afrika, za Kenya zikiwamo. Vituo hivyo hupeleka vipimo kwa njia ya mtandao wa simu, na walimu huvitumia darasani. Shule yenye kituo hicho yafaa iweke kopo lake kando yake, ili watoto walinganishe namba zao na za mtambo, na zikitofautiana watafute sababu: tawi la mti lililokua, upepo, au kopo lililovuja.

Wakati mwema wa kuanza ni Septemba, kabla ya mvua za Oktoba.