Mchezo Hukaa Wapi? Kaseti ya Video na Ubao wa Bao

Watu wazima wa Bukoba na Muleba wakianza kukumbushana utoto wao wa miaka ya 1990, mazungumzo hayakawii kufika kwenye michezo ya video. Mashine ndogo iliunganishwa na televisheni kwa waya, kaseti ya plastiki ikachomekwa juu yake, na watoto wa jirani wakajazana sebuleni kungoja zamu. Televisheni yenyewe ilikuwa bado kitu kigeni: vituo vya kwanza vya Tanzania Bara vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kumbukumbu hizo ni tamu, lakini zimebeba swali la kisayansi: mchezo hukaa wapi, na nini huufanya upotee?

Ndani ya kaseti

Mashine ya kwanza ya michezo ya video ya nyumbani, Magnavox Odyssey, iliuzwa Marekani mwaka 1972, kutokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer. Mwaka 1977 kampuni ya Atari ilitoa mashine ambayo kumbukumbu yake ya kazi ilikuwa baiti 128 tu. Baiti moja yatosha kuhifadhi namba yoyote kati ya 0 na 255. Mwaka 1983 Nintendo ya Japani ikatoa Family Computer, yenye kumbukumbu ya kazi ya baiti 2,048. Mashine nyingi za bei nafuu zilizoenea baadaye zilikuwa nakala za hiyo ya Japani.

Kumbukumbu ndogo kiasi hicho ilitosha kwa sababu kanuni na picha za mchezo hazikukaa humo. Zilikuwa zimewekwa tangu kiwandani katika kipande cha silikoni ndani ya kaseti, na mashine ilizisoma tu. Kumbukumbu ya kazi ilishika mambo yanayobadilika: mchezaji yuko wapi, ana alama ngapi, amebakiwa na nafasi ngapi. Kumbukumbu hii haiwezi kuishi bila umeme. Umeme wa Kagera, ambao kwa miaka mingi ulitoka Uganda, ulipokatika, mtoto alipoteza yote aliyoyapata. Kaseti haikupoteza kitu.

Hesabu ya bao

Msomaji na achukue sasa mfano wa bao. Ubao una mashimo 32 na kete 64. Kete zilizomo katika shimo lolote haziwezi kuzidi 64. Kwa hiyo baiti moja yatosha kwa kila shimo. Hali nzima ya ubao yaenea katika baiti 32, yaani robo ya kumbukumbu ya ile mashine ya mwaka 1977.

Je, kaseti ya bao iko wapi? Haimo katika mbao wala katika kete. Ubao ni mfano wa televisheni: huonyesha hali ya mchezo, lakini haujui kanuni. Kanuni zimo vichwani mwa wachezaji. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt, katika kazi yake ya mwaka 1995 kuhusu mafundi wa bao wa Zanzibar, alichunguza hasa uwezo huo wa akili.

Kagera imezungukwa na jamii kadhaa za mchezo huu. Waganda wana omweso, Wanyarwanda wana igisoro, na Wasukuma wana isolo. Yote huchezwa kwa safu nne za mashimo, lakini kanuni si zile zile. Katika bao la pwani, kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 za akiba, ambazo huzinamua moja moja. Katika omweso, kete zote huwa ubaoni tangu mwanzo, na kila mchezaji huzipanga zake apendavyo. Mtu akiokota ubao mtupu, hawezi kuzijua kanuni za mchezo uliochezewa.

Kipi kitaokoka?

Michezo ya video inayokumbukwa kwa majonzi imekwisha kuokolewa kwa sehemu kubwa. Wapenzi wake katika nchi mbalimbali walinakili yaliyomo katika kaseti, wakatunga programu zinazoigiza mashine za kale. Leo mchezo wa mwaka 1985 huchezwa katika simu. Kinyume chake, mzee akifariki kabla ya kufundisha bao la kijijini kwake, kaseti imeungua, wala hakuna nakala.

Kunakili kaseti ya namna hii hakuhitaji umeme. Mwanafunzi wa sekondari wa Bukoba au Muleba aweza kuanza kwa daftari. Aandike: ubao una safu na mashimo mangapi, kete hupangwaje mwanzoni, husambazwa kuelekea wapi, huliwa wakati gani, zilizoliwa huwekwa wapi, na mchezo huishaje. Kisha acheze mbele ya mzee akifuata daftari lake tu, bila kukisia. Kila mzee atakapomzuia na kusema, “Hapo huwezi,” kanuni iliyokosekana imepatikana, nayo iandikwe. Siku mzee atakapokaa kimya tangu kete ya kwanza hadi ya mwisho, nakala itakuwa imekamilika.