Kung'aa kwa Maji Si Usafi Wake: Tulipime Tangi la Samaki la Nyumbani

Tangi la kioo la kufugia samaki limekuwa pambo la sebule katika nyumba kadhaa za mwambao wetu. Watoto hulipenda, wageni hulitazama, na wenye nyumba huona fahari maji yanapong'aa baada ya kichujio kufungwa na kuwashwa. Kisha, siku ya tano au ya kumi, samaki mmoja huonekana akielea ubavu. Kesho yake wa pili humfuata. Hapo aliyeuza samaki hulaumiwa, chakula hulaumiwa, na pengine husuda ya jirani hutajwa. Aghalabu sababu yenyewe imo ndani ya maji yale yale yanayong'aa.

Wiki hii tumeonelea tuueleze usafi wa maji ya tangi: kichujio husafisha nini hasa, tutajuaje kuwa kazi hiyo imefanyika, na kwa nini kipimo kidogo kilichonunuliwa kwa ajili ya samaki chaweza kumfaa hata mtoto mchanga aliyemo nyumbani. Kiumbe tuliyemfungia ndani ya kioo hana mto wa kukimbilia. Maji tuliyomtilia ndiyo dunia yake yote, nasi tumebeba amana yake.

Tohara na usalama ni mambo mawili

Sisi tuliolelewa madrasani tumezoea kuyapima maji kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Katika fiqhi ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo iliyoenea pwani yetu, maji mengi yaliyofikia kullatayni hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka ibadilike mojawapo ya sifa hizo. Kipimo hicho ni cha tohara, nacho kimetimia kwa kazi yake. Hakikuwekwa ili kutuambia kama samaki ataishi, wala kama maji yanafaa kwa tumbo la mtoto. Hukumu za tohara tunawaachia mashekhe zetu. Hapa twazungumzia usalama.

Maji yaweza kuwa tohara na bado yakawa sumu kwa samaki. Amonia ya miligramu moja katika lita moja haionekani kwa jicho wala haisikiki kwa pua, ilhali yatosha kuyaunguza matamvua yake, yaani yale mashavu anayopumulia. Ndiyo maana tunahitaji shahidi mwingine asiyekuwa jicho.

Kichujio kina kazi mbili

Wengi wetu hudhani kichujio cha tangi ni kama kichujio cha chai: maji hupita, takataka hubaki. Hiyo ni kazi yake ya kwanza, nayo ndiyo inayoyafanya maji yang'ae. Kazi ya pili haionekani, na ndiyo yenye uhai wa samaki ndani yake.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula yakioza huiongeza. Ndani ya sponji ya kichujio huishi bakteria wenye manufaa. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu: huingia katika damu ya samaki na kuizuia kubeba hewa ya oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo madhara yake kwa samaki ni madogo zaidi. Majina haya mawili yanakaribiana kwa sauti, kwa hiyo msomaji ayashike vyema: nitriti ni ya kati na ni ya hatari, nitreti ni ya mwisho na ni nafuu. Viumbe hawa wamo pia katika udongo wa mashamba, katika mito na baharini. Mwanasayansi Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyefaulu kuwatenga na kuwaeleza mnamo mwaka 1890.

Kichujio kipya kutoka dukani hakiji na bakteria hawa wa kutosha. Wao hukua polepole, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi nane kufikia idadi inayotosheleza. Katika wiki ya kwanza amonia hupanda. Baadaye hushuka na nitriti hupanda badala yake. Mwishowe zote mbili hufikia sifuri na nitreti huanza kuonekana. Anayenunua tangi asubuhi na kulijaza samaki kumi jioni huwatia katika nyumba isiyokuwa na mfagizi. Aliye na jamaa mwenye tangi la siku nyingi lisilo na maradhi amwombe kipande cha sponji iliyokwisha kutumika. Kikitiwa katika kichujio kipya, muda huo hufupika sana.

Namna ya kupima

Vifaa vya kupimia ni vya aina tatu. Ya kwanza ni vijikaratasi vinavyochovywa majini vikabadilika rangi. Ni vyepesi kutumia lakini majibu yake ni ya kukisia. Ya pili ni matone ya dawa yanayotiwa katika kichupa chenye maji ya tangi, kisha rangi ikalinganishwa na kadi. Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa nyumba. Ya tatu ni ile kalamu ya umeme inayoonyesha nambari mara itumbukizwapo.

Kalamu hiyo imewapoteza wengi. Inachohesabu ni jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka majini. Haiwezi kutofautisha amonia na chokaa, wala haioni kijidudu hata kimoja. Maji ya kisima kilicho karibu na bahari huonyesha nambari kubwa kwa sababu ya chumvi, na maji ya mvua huonyesha nambari ndogo hata kama yametiririka juu ya paa lenye kinyesi cha ndege. Nambari ndogo katika kalamu hiyo si cheti cha usafi.

Kwa anayetumia matone, utaratibu ni huu. Chagua siku moja ya wiki na saa moja, ikiwezekana asubuhi kabla ya kulisha na kabla ya kubadilisha maji. Suuza kichupa kwa maji ya tangi lenyewe, kisha chota katikati ya tangi, kwa kuwa hayo ndiyo maji anayoyavuta samaki. Fuata muda ulioandikwa kwenye karatasi ya maelezo bila kuharakisha. Dawa za kupimia nitreti aghalabu hutuama chini ya chupa. Zile zilizoandikiwa kutikiswa zitikiswe kwa nguvu, la sivyo zitatoa jibu dogo la uongo. Soma rangi mbele ya karatasi nyeupe katika mwanga wa mchana, kisha uandike majibu daftarini pamoja na tarehe. Kazi hii yafaa kuwafundisha watoto wakubwa wakiwa chini ya uangalizi, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huchoma ngozi. Ziwekwe mbali na wadogo, na maji yaliyokwisha kupimwa yamwagwe nje ya tangi.

Kuyasoma majibu

Amonia iwe sifuri, na nitriti iwe sifuri. Nitreti iwe chini ya miligramu 40 kwa lita, na ikiwa chini ya 20 ni bora zaidi. Amonia au nitriti ikifika nusu miligramu, punguza chakula na ubadilishe robo hadi nusu ya maji siku hiyo hiyo.

Hapa pwani tuna jambo letu la kuzingatia. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa nyingi. Ni maji ya alkali. Kipimo cha asidi na alkali, kile kinachoandikwa pH, kikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sehemu ya amonia iliyo kali huongezeka karibu mara kumi, na joto letu huiongeza zaidi. Kiasi ambacho samaki wa nchi ya baridi yenye maji laini angekistahimili, huku chaweza kumwua.

Mambo yanayomharibu mfagizi

La kwanza ni kuiosha sponji kwa maji ya mfereji na sabuni. Maji ya mfereji hutiwa klorini ili iue vijidudu, nayo haichagui wabaya na wema. Sponji ikamuliwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, basi. Na maji mapya ya mfereji yatiwe dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwa wafugaji wa samaki kabla ya kuingizwa tangini.

La pili ni kukatika kwa umeme. Bakteria hawa wanahitaji oksijeni, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo: katika nyuzi 20 za Selsiasi maji hushika takriban miligramu 9 kwa lita, na katika nyuzi 30 hushika karibu 7.5. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, waliomo katika sponji hukosa pumzi na kuanza kufa. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni akiba nzuri. Umeme ukirudi, usilishe siku hiyo, na upime amonia kesho yake.

La tatu ni huruma isiyo na kiasi. Kila mtoto apitaye hutia chembe mbili za chakula, na kufikia magharibi samaki amelishwa mara saba. Kinacholiwa ndani ya dakika mbili kinatosha.

Kipimo kinapotuonya kuhusu kisima

Tunasisitiza jambo moja: kabla ya kuyapima maji ya tangi, pima maji unayolijazia. Mwenye tangi lenye nitreti 40 akibadilisha robo kwa maji yasiyo na nitreti, atashuka hadi 30. Akitumia maji ya kisima yenye nitreti 60, atapanda kila wiki huku akidhani anasafisha.

Na jibu hilo la kisima lisiishie kwa samaki. Nitreti nyingi katika kisima ni dalili kwamba maji ya choo cha shimo, au mbolea ya shamba, yanapenya chini kwa chini. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 za nitreti kwa lita katika maji ya kunywa, na sababu kubwa ni watoto wachanga. Mwilini mwa mtoto anayelishwa maziwa ya chupa, nitreti yaweza kugeuka nitriti na kuzuia damu kubeba oksijeni, kama inavyomfanyia samaki. Dalili yake ni midomo na kucha kugeuka rangi ya buluu. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitalini mara moja.

Hapa desturi yetu njema ya kuchemsha maji haitoshi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini nitreti haiondoki. Maji yanapopungua kwa mvuke, nitreti huzidi kukolea. Kipimo cha tangi nacho si cha maabara, wala hakionyeshi vijidudu. Kikionyesha rangi ya juu, mweleze afisa wa afya ya umma wa eneo lako, maji yakapimwe rasmi, na kwa muda huo maziwa ya mtoto yakorogwe kwa maji kutoka chanzo kingine kilichothibitishwa. Uliza pia jibu limeandikwa kwa hesabu gani: baadhi ya maabara huhesabu naitrojeni pekee, na hapo mpaka ni takriban 11 badala ya 50. Aliye katika miezi sita ya kwanza, maziwa ya mama ndiyo kinga yake bora.

Kwa akina mama wanaopenda bustani, maji yanayotolewa tangini kila wiki yasimwagwe ovyo. Ikiwa tangi halikutiwa chumvi wala dawa, nitreti iliyochosha samaki ni chakula cha mirehani na asumini zilizomo uani.

Gharama ya kifaa cha matone hugawanyika katika vipimo vingi, na muda wake ni robo saa kwa wiki. Tunawanasihi wenye matangi waanze Jumamosi hii kwa vipimo viwili tu: maji ya tangi, na maji ya chanzo wanachokitumia nyumbani. Majibu yote mawili yaandikwe katika ukurasa mmoja wa daftari.