Mshindi Hali Peke Yake

Kombe la Dunia au AFCON ikikaribia, kitu cha kwanza kununuliwa na kundi la ubashiri huku Heru Juu, mkoani Kigoma, si jezi wala kifurushi cha king'amuzi. Ni kaunta buku. Ukurasa wa kwanza huandikwa majina ya washiriki, wa pili kiingilio cha kila mmoja, na kuanzia wa tatu ni mechi tupu. Ndugu, majirani, mashemeji na watu wa kijiwe kimoja hutabiri nani atashinda kila mechi mpaka fainali, na mwenye pointi nyingi hupewa zawadi iliyochangwa na wote. Mchezo wenyewe ni wa juzi, umeletwa na televisheni na simu. Taratibu zake ni za Waha wenyewe, na anayezifuatilia hujifunza jinsi watu wa nyanda hizi wanavyoliona deni, ushindi na ujirani.

Tuanze na kiingilio. Katika makundi ninayoyafahamu huwa kidogo, ili hata kijana anayeuza tangawizi sokoni Kasulu asikwame. Mwezi wa Juni, maharage yakiwa yameshavunwa na pesa bado haijaonekana, wapo wanaoruhusiwa kutoa maharage. Upande wa Kibondo nimeona mtu akiingia kwa chupa ya asali, na hakuna aliyemcheka. Mali yote hukaa kwa mtunza daftari, naye ana sharti moja kubwa: habashiri. Mwenye kalamu hapaswi kuwa na timu.

Kazi hiyo mara nyingi hupewa mama mwenye duka au mgahawa. Yupo mahali pamoja kutwa nzima, na hesabu za watu wanaokopa sukari zimemzoesha kutoona haya kumdai mtu mzima. Wageni hushangaa kuona wanaume wanabishana mpira huku neno la mwisho likitoka kwa mama. Wenyeji hawashangai. Heru hii, kabla ya uhuru, ilikuwa chini ya Mwami Theresa Ntare, mwanamke, na wazee walizoea kupokea hukumu kutoka kwake. Daftari la mpira ni jambo dogo.

Sheria ya daftari ni kwamba kisichoandikwa hakikusemwa. Kipyenga cha mechi ya kwanza kikilia, ukurasa unapigwa mstari na hakuna anayeongeza wala kufuta. Anayekuja baadaye na maneno ya "mimi nilijua tu" hujibiwa kwa kuoneshwa ukurasa wake.

Pointi zenyewe hugawanywa hivi. Zikibaki timu 16, kuna mechi 8 za raundi ya kwanza, na kila jibu sahihi ni pointi 1. Robo fainali zipo 4, kila moja pointi 2. Nusu fainali 2 zina pointi 4 kila moja, na fainali ina 8. Ukijumlisha, kila raundi ina pointi 8 na daftari zima lina 32. Mpangilio huu una haki yake: aliyeanza vibaya hajafukuzwa, na aliyeanza vizuri hana sababu ya kutamba mapema.

Kombe la Dunia la mwaka 2022 kule Qatar ndipo haki hiyo ilipoonekana vizuri. Wengi waliiandika Brazili kuwa bingwa. Tarehe 9 Desemba Kroatia ikaitoa kwa penalti katika robo fainali, na kila aliyekuwa ameipa kombe akapoteza kwa mkupuo pointi 2 za siku ile, 4 za nusu fainali na 8 za fainali: pointi 14 kati ya 32 usiku mmoja. Katika daftari moja nililoliona alikuwemo bibi asiyejua jina la mchezaji hata mmoja. Aliandika Senegali na Moroko zipite, akasema hao ndio wa kwetu waliobaki. Senegali ikafungwa 3–0 na Uingereza. Moroko ikaitoa Hispania kwa penalti tarehe 6 Desemba, na siku nne baadaye ikaifunga Ureno 1–0 kwa kichwa cha En-Nesyri. Wajukuu zake waliokuwa wanasoma takwimu kwenye simu wakabaki kumwangalia, naye akawauliza, "Wanangu, hizo simu zenu zina kazi gani?"

Kuna mechi moja ambayo makundi mengi hayaiweki kwenye daftari: Simba na Yanga. Sababu ni kwamba pale hakuna ubashiri. Kila mtu ataandika timu yake hata kama wachezaji saba wanaumwa. Tarehe 25 Julai 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilipoletwa Uwanja wa Lake Tanganyika mjini Kigoma, watu waliteremka kutoka Kasulu, Kibondo na Buhigwe kuwaona watani hao wa jadi kwa macho yao. Thadeo Lwanga akafunga dakika ya 79, Simba ikabeba kombe kwa 1–0. Matokeo ya siku ile hayakuhitaji daftari. Yalilipwa kwa utani, na utani wenyewe haujaisha.

Utani nao una mipaka. Shemeji kwa shemeji, babu kwa mjukuu, mambo yote ruksa: ukishika mkia, shemeji yako anaweza kukusalimia kwa kukutajia pointi zako mwezi mzima nawe ukakosa la kusema. Mkwe hataniwi. Msibani daftari halitajwi, hata kama marehemu alikuwa anaongoza. Na aliyeshindwa hadhihakiwi mbele ya watoto wake. Mtunza daftari ndiye anayelinda mipaka hii, na nimemwona mmoja akimkata mtu pointi kwa kuivuka.

Halafu ndiyo siku ya zawadi. Mara nyingi ni mbuzi, kama ilivyo kwenye mashindano ya mpira ya vijijini ambako timu huchangia kiingilio na bingwa huondoka na mnyama. Tofauti ni kwamba mbuzi wa ubashiri haondoki. Huchinjwa hapohapo, akaliwa kwa ugali wa muhogo na ndizi, na asiyekula mbuzi hutafutiwa mgebuka. Mshindi huchagua kipande cha kwanza na kuketi kiti cha mbele. Aliyeshika mkia husenya kuni na kuosha vyombo, awe mwalimu au dereva wa bodaboda. Kinachobaki kwenye mfuko hupelekwa kwa mwenzao mwenye mgonjwa, au kinawekwa akiba ya msiba utakaofuata. Mshindi akitaka kubeba mbuzi wake kwenda kumla na mkewe, hakuna atakayemzuia. Ila msimu ujao hataambiwa daftari linafunguliwa lini.

Hapa ndipo mila ya zamani inapochungulia. Waha waliishi na ubugabire, utaratibu ambao mwenye ng'ombe alimkabidhi mwingine mnyama, na mpokeaji akarudisha utumishi, heshima na ndama. Haukuwa utaratibu wa usawa, kwani wengi walivuja jasho wakati wachache wakijaza mazizi, na hakuna sababu ya kuulilia. Lakini uliacha fundisho moja: mnyama akitembea kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, anawafunga pamoja wote aliopita kwao. Daftari limechukua fundisho hilo na kumwacha bwana nje. Wote wanatoa sawa, na zamu ya kuosha vyombo inaweza kumfikia yeyote.

Lipimeni hilo na mkeka wa kubeti. Kubeti kumehalalishwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, kuna Bodi inayosimamia, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Kisheria hakuna neno. Ila shilingi ya mkeka ikitoka Kasulu imetoka, na kijana mkeka wake ukichanika kwa timu moja anajifungia na aibu yake peke yake. Wazee wa makanisa wanaupinga, na baadhi yao wanalipinga hata daftari, wakisema kamari ni kamari. Hoja yao haipuuzwi. Nimeona kundi lililopandisha kiingilio hadi watu wakaanza kukopa, na pale urafiki uliondoka kabla ya nusu fainali. Yapo makundi yaliyojibu kwa kuondoa pesa kabisa: wanaweka soda, au siku moja ya kulimiana shamba.

Daftari pia limekuwa njia ya kuwakusanya waliotawanyika. Watu wa Buha ni wasafiri wa siku nyingi. Enzi za ukoloni walikwenda kwa wingi kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 iliwazoesha safari ndefu. Leo mjomba aliye Dar es Salaam hutuma kiingilio kwa simu na ubashiri wake kwa WhatsApp, na mama wa daftari anaunakili kwa mkono. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, nayo imetoa watu waliohamishiwa Marekani, na baadhi yao wako Kentucky, ambako mpira wa kikapu wa vyuo ni kama Simba na Yanga.

Kule kila Machi ofisi na familia hujaza karatasi ya mtoano wa timu 64 za vyuo, mechi 63. Njia za kuijaza ni 9,223,372,036,854,775,808, wakati daftari letu la timu 16 lina 32,768 tu. Watanzania tuliufahamu mtoano huo kupitia Hasheem Thabeet, aliyefika nusu fainali na Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2009, kisha akachaguliwa wa pili kwenda NBA mwaka huohuo. Mwaka 2022 Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, aliifungia Kentucky pointi 30, na bado chuo kidogo cha Saint Peter's kikaitoa 85–79 katika muda wa nyongeza. Anayelijua daftari la Heru Juu hahitaji kufafanuliwa kilio cha jirani yake kule.

AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa Kenya, Uganda na Tanzania. Matangazo ya kubeti yatafika hadi kwenye vijiwe vya kahawa, na kila kundi litashawishika kuongeza dau kwa sababu timu ni ya nyumbani. Ushauri wangu kwa watunza daftari ni wa kazi tu: pangeni kiingilio sasa, damu zikiwa bado zimetulia, kiwe kile ambacho maskini kuliko wote kundini anaweza kukipoteza akacheka, na muandike ukurasa wa kwanza kwamba mbuzi ataliwa na wote. Mengine yataamuliwa na mpira.