Mashine za Michezo Katika Jua la Turkana

Kizuri chajiuza, walinena wahenga. Lakini katika soko la mashine za michezo za mkononi, kizuri kimekwishashindwa. Basi msomaji mwenye jamaa Lodwar au Kakuma, ambaye kijana wake amemwomba ampelekee mashine ya namna hii, na asome kwanza kabla hajafungua mkoba.

Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Game Boy. Kioo chake hakikuwa na rangi wala taa. Mwaka uliofuata ikaja Game Gear ya Sega, yenye rangi na nuru ya kupendeza macho. Nani angedhani kuwa itashindwa? Lakini Game Boy ilitumia mawe 4 ya tochi na kwenda zaidi ya saa 10, ilhali Game Gear ilitumia mawe 6 na kuyamaliza kwa saa 3 hadi 5. Game Boy, pamoja na nduguye wa rangi aliyeifuata, iliuzwa zaidi ya milioni 118; Game Gear iliishia kama milioni 11. Gunpei Yokoi, fundi wa Nintendo, alipendelea vifaa vya kale vilivyo rahisi na vilivyokwisha zoeleka.

Wapinzani wa siku hizi ni wengi. Tuwachukue wawili: Nintendo Switch ya mwaka 2017, na Steam Deck ya kampuni ya Valve ya Marekani, iliyotoka mwaka 2022. Deck ni kompyuta kamili iliyovishwa umbo la kichezeo, nayo ina uzito wa gramu 669. Switch na vishikio vyake ni gramu 398 tu.

Hakimu wa kwanza ni joto. Julai 2022, kampuni zote mbili ziliwakumbusha watumiaji kuwa mashine zao zimeundwa kwa joto lisilozidi nyuzi 35. Sisi wa Pwani hulilalamikia joto la kaskazi, lakini alasiri ya Lodwar aghalabu huzipita nyuzi hizo. Hapo mashine zote mbili zangoje magharibi, tena zifunikwe kitambaa, kwani kila moja ina feni inayovuta hewa na vumbi.

Hakimu wa pili ni umeme. Kakuma iko kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, na kambi yake ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992. Humo wengi hununua umeme kwa wenye jenereta, au hutegemea jua. Hata simu huchajiwa dukani kwa malipo. Betri ya Deck hubeba wati-saa 40, ya Switch 16. Kipande cha sola kitoacho wati 10 kamili chahitaji saa 4 na zaidi kuijaza Deck, na saa 2 hivi kuijaza Switch. Na ikishajaa, Deck hiyo huenda saa 2 hadi 8. Switch ya kwanza ilikwenda saa 2 na nusu hadi 6 na nusu. Iliyorekebishwa mwaka 2019 huenda saa 4 na nusu hadi 9 kwa betri ile ile. Anunuaye na aulizie hiyo ya mwaka 2019.

Hakimu wa tatu ni mchezo wenyewe. Mchezo wa Switch huweza kununuliwa katika kadi ndogo, vijana kumi wakapokezana. Wa Deck hushushwa kwa intaneti, na mchezo mmoja mkubwa waweza kumaliza fedha za mwezi mzima za bando.

Haki isemwe: Deck yaweza pia kuandikia na kusomea kama kompyuta yoyote. Kwa mwanafunzi wa Lodwar mjini, mwenye umeme ukutani na intaneti, ina hoja nzito. Lakini kwa kijana wa Kakuma anayelipia kila chaji, Switch ndiyo itakayokuwa inawaka usiku wa pili, wakati ile nyingine imelala sandukuni ikingoja jua.