Je, Wajua? Ndege Iliyorefuka Angani

Je, wajua kwamba Concorde ilirefuka ikiwa angani? Ndege hiyo ya abiria ya Uingereza na Ufaransa, yenye urefu wa mita 62 hivi, iliongezeka takriban sentimita 20 kila ilipofikia kasi yake kamili.

Sababu ni joto, ambalo hutanua metali. Ndege ilipasua hewa kwa zaidi ya kilomita 2,100 kwa saa, mara mbili ya kasi ya sauti. Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri, lakini kwa kasi hiyo pua yake ilipata joto hadi nyuzi 127. Maji huchemka kwa 100!

Ajabu zaidi ilikuwa kwenye chumba cha marubani. Kando ya mitambo ya mhandisi wa ndege ulifunguka mwanya wa kutosha kupitisha mkono. Ndege ikipoa, mwanya ulijifunga. Katika safari za mwisho, mwaka 2003, baadhi ya wahandisi walichomeka kofia zao humo zikabanwa.

Kasi hiyo ilikuwa na faida pia: tarehe 30 Juni 1973, Concorde ilikimbizana na kivuli cha mwezi juu ya Afrika, kutoka Las Palmas hadi Chad. Wanasayansi waliokuwemo walishuhudia jua limepatwa kikamilifu kwa dakika 74. Waliosimama ardhini waliambulia dakika 7 tu.